Demwazeli, mpambe, marene: anayesimama kando ya bibi arusi anaitiwa kazi gani?

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, msichana anayesimama kando ya bibi arusi anaitwa demwazeli. Wakiwa wengi ni bademwazeli. Neno tulilipokea kutoka Kifaransa, tukalivika kiambishi chetu cha wingi, na kila mtu anadhani analielewa. Mimi nimeitwa demwazeli mara tatu, mara mbili hapa mjini na mara moja nyumbani Bukavu. Mara ya kwanza nilitakiwa kucheza. Mara ya pili nilitakiwa kulipa. Mara ya tatu niliambiwa asubuhi ya arusi, tukiwa tumeshafika komini, kwamba nitatia sahihi kama shahidi. Neno lilikuwa lile lile.

Nimeona nifuate majina ambayo lugha mbalimbali zinazotuzunguka zinampa mtu huyu, kwa sababu jina huonyesha ni kazi gani watu waliifikiria kwanza. Si mchezo wa wanaisimu peke yao. Kiangazi kimekaribia, Jumamosi zote zitajaa arusi, na wengi wenu mtaombwa. Wavulana nao wasiruke kurasa hizi: mengi ninayosema juu ya demwazeli yanamhusu pia garsoni anayemsindikiza bwana arusi.

Tuanze na Kifaransa, maana ndicho kilichotuletea fujo. Mzizi wa demoiselle ni Kilatini domina, yaani bibi mwenye nyumba. Kikafanywa kidogo, kikawa "bibi mdogo", msichana wa ukoo wa mabwana ambaye bado hajaolewa. Sehemu ya pili ya jina, ile ya heshima, ilitoka katika nyumba za wafalme. Malkia wa Ulaya walizungukwa na wasichana wa koo kubwa waliokaa karibu nao, wakawashikia vitu vyao, wakatembea nyuma yao mbele za watu. Heshima iliyotajwa katika jina ni ya malkia. Msichana aliikopa tu kwa kusimama karibu naye. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa tarehe 10 Februari 1840, wasichana 12 walishika mkia wa gauni lake, wote wamevaa nyeupe. Picha ambazo wapiga picha wetu wa Kamalondo na Kenya wanazipanga leo, bibi arusi katikati na wasichana wa nguo moja pembeni, ni wajukuu wa siku zile.

Angalieni sasa jambo moja la kisarufi. Jina hili linasema mtu ni nani, halisemi anafanya nini. Hakuna kitenzi ndani yake. Kwa hiyo kila familia inajaza kitenzi inachokitaka: mama wa bibi arusi anajaza kimoja, bibi arusi mwenyewe kingine, padri cha tatu, na msichana aliyeombwa anakuwa ameshasema "ntakuya, yaya" kabla hajavisikia vyote.

Kiswahili cha pwani kina jina ambalo kitenzi chake kinaonekana: mpambe. Linatokana na kupamba, na mtu wa haraka atasema mpambe ni yule anayempamba bibi arusi. Irabu ya mwisho inakataa. Katika Kiswahili, jina la mtu linaloishia na -e mara nyingi si la mtendaji, ni la aliyetendewa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Anayepamba ni mpambaji. Mpambe ni aliyepambwa.

Na historia inakubaliana na irabu. Zanzibar ya karne ya 19, mabibi matajiri waliwavika vijakazi wao nguo nzuri na dhahabu, wakaenda nao arusini ili watu waone mali ya nyumba. Hao ndio waliokuwa wapambe. Karamu ikiisha, dhahabu ilirudi katika sanduku la bibi. Utumwa ulipigwa marufuku huko mwaka 1897, jina likabaki, na leo Tanzania wapambe ni wasichana na wavulana wa nguo moja wanaomtangulia bibi arusi. Ofisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais naye anaitwa mpambe wa Rais. Na mtu anayemfuata mwanasiasa kila mahali akimpigia makofi, magazeti ya huko yanamwita mpambe vilevile, bila kumsifu. Katika matumizi yote hayo, mpambe anang'aa ili mwingine aonekane mkubwa.

Kazi hii ya kwanza, ya kuwa pambo, ndiyo inayogharimu feza hapa kwetu. Familia inachagua kikwembe, tuseme cha bluu, na satini ya bademwazeli ya rangi inayopatana nacho. Kitambaa kinanunuliwa, mshonaji analipwa, viatu vinatafutwa vya rangi moja, nywele zinasukwa mtindo mmoja. Nani analipa? Katika arusi ile ya pili nililipa mimi, na mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili aliuza simu yake ili asionekane peke yake na viatu vya rangi nyingine. Gauni lile la satini sijalivaa tena, kwa maana hakuna mahali pa kulivaa isipokuwa arusi hiyo hiyo. Kwa maoni yangu anayetaka kupambiwa arusi yake ndiye wa kulipia pambo, ao angalau aseme bei siku ile anapoomba, si wiki mbili kabla. Yule bibi wa Zanzibar alikuwa na makosa makubwa kuliko hilo, lakini kitambaa alinunua mwenyewe.

Kinyarwanda, ambacho sisi watu wa Kivu tunakisikia kila siku, kinafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kusimama na bibi arusi kunaitwa kwambarira. Kwambara ni kuvaa. Kile kiambishi -ir- katikati ni cha kutendea, ndugu wa -ia yetu katika kupikia na kuandikia. Kwambarira mtu ni kuvaa kwa ajili yake. Kiswahili kingesema kumvalia. Msichana hapa si aliyepambwa. Anavaa mwenyewe, na anavaa kwa ajili ya mtu. Nguo ni ile ile lakini sarufi imemgeuza mtendewa akawa mtendaji, nami napenda jina hili kuliko mpambe.

Jina la tatu ni kitenzi ambacho Wakongo wa mashariki tunakitumia bila kufikiri: kusindikiza. "Nani atakusindikiza?" ndilo swali la kweli ambalo shangazi zetu wanauliza, na Kinyarwanda nacho kina guherekeza. Katika desturi nyingi za hapa, msichana anayetoka kwa baba yake na hajaingia bado kwa mume wake yuko njiani, na mtu hapiti njia hiyo peke yake. Kusindikiza ni kazi ya mikono na macho, na ndiyo kazi ninayotaka kuieleza kwa urefu, sababu watu wanaidharau na bila yake arusi inakwama.

Inaanza usiku uliotangulia. Msindikizaji analala parseli moja na bibi arusi, si kwa ajili ya maongezi, bali kwa sababu bibi arusi hatapata usingizi na kesho hatakula. Asubuhi kazi ya kwanza ni kumlisha: uji, yai, chochote, kabla gauni halijavaliwa, maana likishavaliwa kula ni hatari na kwenda msalani ni safari ya watu watatu. Simu yake unaichukua wewe. Kuanzia saa hiyo unajibu wewe: dereva anayeuliza njia, mpishi anayedai salio, mjomba aliyesahauliwa kwenye mwaliko na ambaye amechagua saa mbili ya asubuhi kukasirika. Bibi arusi asiyasikie. Mengine utamwambia Jumatatu, mengine hutamwambia kamwe.

Halafu kuna mfuko. Kila msindikizaji mwenye akili ana mfuko mdogo ambao hauonekani kwenye picha: sindano iliyotiwa uzi mweupe tayari, pini, kitambaa cha jasho, maji, dawa ya kichwa, ndala za bibi arusi kwa saa za usiku, feza ndogo ndogo za kuwapa wanaofunga barabara. Kitambulisho chake kiwe humo pia, ao kadi ya uchaguzi, sababu watu wanakumbuka pete na kusahau karatasi. Kanisani unashika maua wakati wa pete, ili mikono yake iwe huru. Unanyoosha mkia wa gauni akisimama na kuukusanya akikaa. Akilia, unajua mapema ni machozi ya kufutwa ao ya kuachwa yatoke.

Wahubiri wetu wanapenda mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25, na mara nyingi nasikia wakiwafanya kuwa mabibi arusi. Sivyo. Bibi arusi hatajwi hata. Wale kumi ni wasindikizaji, kazi yao ni kwenda na taa kumpokea bwana arusi usiku, na watano wanafungiwa nje kwa kosa moja tu, hawakubeba mafuta ya akiba. Kila msichana aliyewahi kutafuta pini saa ya mwisho ameuelewa mfano huo bila mahubiri.

Ukumbini kuna kucheza. Kwetu Kongo msafara wa arusi hauingii kwa miguu tu, unaingia kwa ngoma: wasichana na wavulana wawili wawili, hatua zilizofanyiwa mazoezi jioni za wiki kadhaa katika parseli ya mtu, mbele ya watoto wa mtaa wanaozijua hatua kabla yetu. Inafurahisha, na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba anayeombwa ajue mazoezi hayo yanakula jioni zake na nauli yake, hasa kama mitihani iko karibu.

La feza ni zito zaidi. Wageni wanapowatuza wenye arusi, wakiwabandika noti kwenye paji la uso ao kuziangusha miguuni wakicheza, ni demwazeli anayezikusanya. Anainama na kikapu, gauni la satini limembana, wageni wanacheka, na hesabu yote iko mikononi mwake. Mama mdogo wangu alinifundisha nisishike kikapu peke yangu hata dakika moja. Msichana wa upande wa bibi arusi na mvulana wa upande wa bwana arusi wanakishika pamoja, kinahesabiwa usiku huo huo mbele ya watu wawili wazima, na kiasi kinaandikwa katika daftari pamoja na majina ya walioleta vyombo na mbuzi. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa kikapu ambacho hakikuhesabiwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba feza ziliibiwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba hazikuibiwa pia, na hilo lilitosha.

Tukielekea Tanzania na Kenya tunakutana na jina lingine, msimamizi. Hapa nawaomba wasio wa idara yetu wavumilie kidogo. Kusimama kunatoa kusimamia, na kusimamia kunatoa msimamizi. Ile z imetoka wapi? Zamani kiambishi cha kutendea kilikuwa na l ambayo Kiswahili kimeimeza: si simamia, ni simamila. L hiyo ilipokutana na -i ya mtendaji ikageuka z, kama kulea, zamani kulela, kulivyotoa mlezi. Kwa hiyo msimamizi si mtu aliyesimama pale. Ni mtu aliyesimama kwa ajili ya jambo, anayelibeba, na mtakayemuuliza likiharibika. Ndilo jina lile lile la msimamizi wa mitihani na msimamizi wa mirathi. Tanzania msimamizi wa bibi arusi, ambaye mjini wanamwita pia matroni, kwa kawaida ni mwanamke aliyeolewa. Yuko mmoja, na wapambe wako wengi. Huko wamegawa kazi ambazo sisi tumeziweka katika neno demwazeli na kulitikisa.

Mgawanyo huo si mgeni Katanga. Wasemao Kibemba wa upande wa Sakania na Luapula wana nachimbusa, na mtu yeyote aliyekulia Lubumbashi amesikia jina hilo hata kama familia yake inatoka Kasai. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliona mwaka 1931 sherehe ya chisungu kwa Wabemba wa nchi ambayo leo ni Zambia, na kitabu chake juu ya sherehe hiyo kilitoka mwaka 1956. Nachimbusa ndiye aliyeiongoza: mwanamke mzima, mwenye ujuzi, anayemfundisha msichana kwa nyimbo na kwa vyombo vya udongo vinavyoitwa imbusa. Kibemba kinapanga arusi nzima kama ukoo kwa viambishi viwili, na- cha mama na shi- cha baba. Bibi arusi ni nabwinga, mama wa arusi. Bwana arusi ni shibwinga, baba wa arusi. Mjumbe anayepeleka maneno ya posa ni shibukombe. Na mwalimu ni nachimbusa. Hakuna hata mmoja katika hao ambaye ni pambo.

Pwani, mwanamke wa kazi kama hiyo ni kungwi ao somo. Pote somo lake ni moja kwa jinsi nyingi: mwili, nyumba, maneno ya kumwambia mume na maneno ya kunyamaza, namna ya kuishi na mama mkwe. Na pote sharti ni moja, awe ameyapitia mwenyewe. Katika familia ninazozijua, demwazeli ambaye hajaolewa anatolewa nje mlango ukifungwa kwa mafundisho hayo, anabaki barazani na gauni la kesho mapajani. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba rafiki wa karibu kuliko wote, yule wa kusindikiza, anaweza kubeba pia kazi ya kufundisha. Lugha zetu zilizitenganisha kabla yetu.

Nimekuja sasa kwenye kazi isiyo na nguo yake, na ambayo kwa sababu hiyo inapewa mawazo machache kuliko viatu. Ni ushahidi.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamua kwamba ndoa ya Wakatoliki ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili ao watatu. Sababu haikuwa uzuri wa ibada. Kabla ya hapo, mwanaume na mwanamke waliweza kupeana neno la ndoa kwa siri, na neno hilo lilikuwa ndoa kweli. Kisha mmoja akaja kukana, na mwingine hakuwa na mtu wa kumwita. Mashahidi waliwekwa kwa ajili ya yule atakayekanwa. Sheria ya Kanisa ya leo, kanuni ya 1108, inataka mashahidi wawili. Haisemi wawe wamevaa nini, haisemi wawe mume na mke, haisemi hata wawe Wakatoliki. Inawataka wawepo, na waweze kusema walichokiona.

Ndoa ya Leta nayo ina mashahidi wake. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inakubali ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi, lakini inataka iandikishwe kwa ofisa wa komini. Ndoa ya kanisani peke yake, hata ikiwa na maaskofu watatu, mbele ya Leta haijawa ndoa. Mtu anayetia sahihi kwenye kitabu cha komini anatia sahihi juu ya kitu ambacho huenda kikatafutwa miaka ishirini baadaye, na kitatafutwa siku mbaya. Mume anakufa. Ndugu zake wanafika kwenye parseli kabla kilio hakijaisha, wanauliza huyu mwanamke ni nani kwetu, alilipiwa mali lini, nani aliona. Mambo haya hatuyasomi vitabuni, tunayaona mitaani kwetu. Siku hiyo karatasi ya komini ndiyo inayosema kwanza, na kama jina la mjane limeandikwa kwa herufi nyingine kuliko zilizo kwenye kitambulisho chake, karatasi hiyo inasema kwa kigugumizi.

Basi shahidi asome kabla ya kutia sahihi. Majina yote, herufi kwa herufi. Tarehe za kuzaliwa. Kiasi cha mali kama kimeandikwa. Na mpango wa mali za nyumba ambao wenye ndoa wameuchagua, maana ofisa anauliza na watu hujibu "ndiyo" bila kusikia. Asimame hata kama foleni nyuma yake inanung'unika. Mimi asubuhi ile nilisoma, na jina la ukoo la bibi arusi lilikuwa limekosa herufi moja. Lilisahihishwa palepale, kwa kalamu na muhuri. Walinitania kwamba nimeleta isimu komini. Halafu shahidi ahakikishe nakala inatoka ofisini, na ajue inakaa wapi. Kwa kazi hiyo rafiki anayecheza vizuri si lazima awe ndiye bora. Anahitajika mtu mzima, mwenye kitambulisho, asiyeogopa ofisa, na ambaye kwa makadirio ya binadamu atapatikana kesho kutwa.

Imebaki marene. Kifaransa kilimtoa katika Kilatini cha baadaye, matrina, na ndani yake mna mater, mama. Warumi wa kale walikuwa na mtu wa kufanana naye, pronuba, mwanamke aliyeolewa mara moja tu, ambaye aliunganisha mikono ya kulia ya wenye arusi. Kwetu marene na parene wake ni mke na mume wazima. Parokia ninazozijua zinataka wawe wamefunga ndoa kanisani, sharti ambalo, kama tulivyoona, kanuni ya 1108 haina. Mapadri waliliongeza kwa sababu wanategemea kitu ambacho shahidi hana: kuendelea. Kazi ya demwazeli inaisha gauni likirudishwa. Ya marene inaanza hapo.

Niliwauliza mama zangu kwa nini binti aliyeolewa akiwa na shida anakwenda kwa marene kabla ya kwenda kwa shangazi yake wa damu. Jibu lilikuwa fupi: "Ye hakukula mali." Lilinichukua muda kulipima. Shangazi, mjomba, baba mkubwa, wote walipokea kitu siku ya mali: mbuzi, kikwembe, bahasha. Ndoa ikivunjika, wakwe wanaweza kuja kudai. Kwa hiyo shangazi akisema "rudi, vumilia", huenda anasema kwa hekima, na huenda anasema kwa sababu mbuzi ameshaliwa. Binti hana njia ya kupambanua. Marene hakupokea kitu. Sikio lake halina deni.

Mama mdogo wangu ni marene wa watu wa Bukavu ambao sitawataja. Usiku mmoja mwanamke alibisha mlango wake na mtoto mgongoni na jicho limevimba. Mama mdogo hakusema vumilia. Alimwekea maji ya kuoga, akamlaza, asubuhi akampeleka kwa daktari na kuomba karatasi ya daktari, akaiweka katika sanduku lake mwenyewe. Ndipo parene alipokwenda kwa yule mwanaume, na ndipo familia zilipoitwa, karatasi ikiwa mezani. Mwanamke alikaa kwa mama mdogo miezi miwili. Nikiulizwa kazi za marene ni zipi, ninataja hiyo kabla ya kumshikia mtu shela.

Kwa hiyo mtu anapowaomba, ulizeni kitenzi. Binti wa mama mdogo anaolewa mwezi wa nane, ameniita, nami nikamuuliza: "Kusindikiza, ao kushuhudia?" Akacheka, akasema ni kusindikiza, na kitambaa atanunua yeye. Ushahidi amemwomba dada yake mkubwa, mwalimu wa shule, ambaye hawezi kucheza hata kidogo. Nimepewa pia kazi ya kutengeneza programu ya sherehe kwa Kiswahili bora. Nimeandika "wasindikizaji" kwa wale wa kucheza na wa mfuko, "mashahidi" kwa wale wawili wa kitabu. Mpambe nimeliacha, kwa sababu mlizosoma. Marene nimelibakiza lilivyo, na Kilatini chake. Neno la pwani, somo, lingemfaa sana, lakini Lubumbashi wageni wangetafuta ni saa ngapi linaanza na katika darasa gani.